Bei ya pweza imeanguka ng'ambo: kikundi cha Kilwa kidai nini serikalini?

Swali limeletwa na katibu wa kikundi cha wanawake wanaochokoa pweza na kulima mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Anaeleza kwamba wakala aliyekuwa akinunua pweza wao kwa niaba ya kiwanda kinachouza Ulaya ameshusha bei, kisha akaruka bamvua mbili (siku za maji kupwa sana, ambapo pweza huchokolewa) bila kufika, akidai kwamba wanunuzi wa huko nje wamepunguza oda. Amesikia kuwa katika nchi nyingine serikali huwalipa wavuvi biashara inapobadilika, na anauliza mambo matatu: kama Tanzania ina fidia ya namna hiyo, kama kikundi kifuate ushauri waliopewa wa kuomba mkopo wa boti, na kama wakubali pendekezo la tajiri mmoja aliye tayari kuwapa fedha za kutangulia kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake mwaka mzima.

Dada Katibu,

Naanza na swali lako la kwanza kwa sababu najua ndilo wenzako wanalolisubiri. Hapa kwetu hakuna mfuko wa kudumu unaomlipa mvuvi fidia pale bei ya mazao yake inapoanguka katika soko la nje, na mtu yeyote akija kijijini kuwaahidi fedha za namna hiyo kwa ada ya fomu, mkataeni. Kilichopo ni misaada ya aina nyingine, mingi ikiwa ni mikopo, na ipo pia historia ambayo sisi watu wa Kusini tumeishuhudia kwa macho yetu, inayoonyesha kwamba serikali ikiamua kuingilia soko inaweza kufanya hivyo kwa nguvu kubwa. Jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni kwamba kila mahali ambapo serikali imewahi kulipa, hapa na ng'ambo, waliolipwa ni wale waliokuwa na maandishi ya kuonyesha walichovua na walichouza. Na kikundi chenu, kwa jinsi ulivyoieleza biashara yenu, hakina andiko hata moja.

Uliyoyasikia kuhusu nchi nyingine ni ya kweli. Mwaka 2018 China iliongeza ushuru kwa samaki na kambakoche kutoka Marekani, ikilipiza ushuru uliowekwa na Marekani kwa bidhaa zake, na wavuvi wa Marekani wakajikuta wamepoteza soko walilolizoea bila kosa lao. Septemba 2020 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa takriban dola milioni 530 kwa ajili yao. Fedha hizo hazikutolewa kwa kuangalia nani analalamika zaidi wala kaya ina watu wangapi. Zilitolewa kwa uzito wa mzigo uliotua mwaka 2019, kwa kiwango kilichopangwa kwa kila aina. Kambakoche, kwa mfano, walilipiwa senti 50 za dola kwa ratili moja, na mtu mmoja hakuruhusiwa kupokea zaidi ya dola 250,000. Uingereza nayo, ilipotoka katika soko la Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2020, ilishuhudia malori ya kaa na kamba kutoka Scotland yakikwama kwa ajili ya vyeti vya afya na karatasi za forodha hadi mzigo ukaharibika. Januari 2021 serikali yake ilitenga pauni milioni 23, na kampuni moja iliweza kudai hadi pauni 100,000 ikithibitisha hasara iliyopata. Mfuko huo uliwalenga kwanza wauzaji wa nje, na wavuvi wenyewe waliongezwa baadaye. Nakuomba ulishike jambo hilo la mwisho, kwa sababu nitalirudia: katika mnyororo wa biashara ya samaki, msaada humfikia upesi yule aliye karibu na karatasi, na mvuvi ndiye aliye mbali nazo kuliko wote.

Hata hivyo mfano ulio mzito zaidi kwetu tunaupata Newala, Tandahimba na Ruangwa. Msimu wa 2018, wanunuzi wa korosho walipotoa bei ndogo mnadani na wakulima wa Mtwara na Lindi wakakataa kuuza, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuisomba. Kabla ya malipo kulifanyika uhakiki, ili mtu aliyenunua kwa kangomba, yaani kwa bei ya chini kutoka kwa mkulima nje ya mnada, asilipwe kama mkulima. Wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa muda mrefu, na siwezi kusema mfano ule uigwe ulivyo. Ninachosema ni kwamba uamuzi ule uliwezekana kutekelezwa kwa sababu korosho ilikuwa na mahali pa kupokelewa na karatasi ya kuifuata: vyama vya msingi, maghala makuu, mizani inayojulikana, na stakabadhi ghalani iliyokuwa imeanza kutumika tangu 2007. Mkulima aliyepeleka gunia zake kwenye chama alikuwa na kitu mkononi. Serikali hiyohiyo ikiamua kesho kununua pweza wote wa Kilwa kwa bei nzuri, itamlipa nani, na kwa kilo ngapi?

Hebu tuiangalie siku moja ya bamvua pale dikoni kwenu, mnapopandishia na kuuzia mzigo, kama ulivyoieleza na kama ilivyo katika madiko mengi ya pwani hii. Maji yanatoka, kina mama wanashuka mwambani na vijiti vyao, wanatafuta mashimo yenye makombe na kokoto zilizopangwa mlangoni, wanachokoa, na kabla maji hayajarudi wanapanda na pweza mmoja, watatu, watano. Wakala ametundika mzani wake chini ya mkwaju. Anapima pweza wa kila mmoja, anawatenga wakubwa na wadogo, anataja kilo kwa sauti, na kijana wake anaandika katika daftari la shule lenye kurasa zilizolowa: jina la mama fulani, kilo nne na nusu, na pengine alama ya deni alilokopa bamvua iliyopita. Fedha inatolewa pale pale au inaahidiwa. Daftari linarudi katika mkoba wa wakala, barafu inafunikwa, gari linaondoka. Ushuru wa halmashauri, kama umelipwa, mara nyingi umelipwa na mnunuzi, kwa hiyo risiti ya mashine imetoka kwa jina lake. Mama aliyeshinda na maji ya magoti tangu asubuhi anarudi nyumbani bila hata kipande cha karatasi, na katika vitabu vya serikali mazao yale yanaonekana kuwa ya mtu mwingine.

Jambo hili linaniumiza kuliko bei yenyewe, kwa sababu bei hupanda na kushuka, lakini kutokuonekana kunadumu. Wanawake wa mwambani wanafahamika vizuri sana kijijini, na hata maofisa uvuvi wanawafahamu kwa majina. Inapofika kwenye takwimu, mpango na bajeti, hawamo, na fedha haiwezi kumfuata mtu asiyekuwemo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo haihitaji ruhusa wala fedha ya mtu, ni kufungua daftari la kikundi, na kulitunza kwa uaminifu kuanzia bamvua ijayo. Katika kila mstari andikeni tarehe, jina la mchokoaji, mwamba aliochokoa, idadi ya pweza, kilo, bei ya siku hiyo, jina la mnunuzi, na kama amelipa au anadaiwa. Mnunuzi atie saini chini ya ukurasa wa siku. Akikataa, andikeni kwamba amekataa. Nunueni mzani wa kikundi, mkauhakikishe kwa Wakala wa Vipimo, ili kilo zenu zisitegemee mzani wa mtu anayenunua. Pweza asiyefika nusu kilo msimwandike wala msimuuze, kwa sababu kanuni za uvuvi haziruhusu kumvua, na daftari lenye pweza wa gramu mia tatu litawageukia siku ya kuomba msaada. Kila mwisho wa mwezi jumla ipelekwe kwa afisa uvuvi na kwa mtendaji wa kijiji, nakala zigongwe mhuri na zibaki kwenu. Ukiwa na miezi sita ya kurasa za namna hiyo, unaweza kusimama mbele ya baraza la madiwani ukasema, bila kukisia, kwamba kikundi kilikuwa kikiuza kilo kadhaa kwa bei kadhaa na sasa kinauza kwa bei hii, na kwamba hasara ya kaya hizi ni shilingi kadhaa. Tuchukulie mnauza kilo 100 kwa bamvua moja na bei imeshuka kwa shilingi 2,000 kwa kilo: hiyo ni hasara ya shilingi 200,000 kwa bamvua, na kwa kuwa kila mwezi una bamvua mbili, diwani hahitaji mtaalamu kumfanyia hesabu.

Baada ya daftari ndipo tuulize tudai nini. Hapa ningependa mjifunze kutokana na yaliyotokea Ziwa Victoria. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia zaidi ya mara moja samaki kutoka ziwani, kwanza kwa sababu ya bakteria wa salmonella, kisha kipindupindu, kisha taarifa za watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Bei ya sangara mwaloni, yaani kwenye diko la ziwani, ilianguka na viwanda vikapunguza kazi. Serikali ya wakati ule haikuwalipa wavuvi fidia. Iliyofanya ni kuimarisha ukaguzi, maabara, mialo na mamlaka inayothibitisha ubora, hadi soko lile likafunguliwa tena. Mvuvi aliyekosa kula miezi ile alibeba mzigo wake mwenyewe, na hilo lilikuwa pengo kubwa. Lakini mialo ile na ukaguzi ule vimeendelea kuwa na faida muda mrefu baada ya marufuku kuondolewa. Naamini msaada ulio na maana zaidi kwa diko kama lenu ni ule unaobadilisha nafasi yenu sokoni, na kwa pweza jambo hilo linaanza na barafu.

Sababu ni hii. Mwani uliokaushwa vizuri juu ya kichanja, bila mchanga, unaweza kuwekwa stoo ukasubiri bei. Mkulima wa mwani akipewa bei mbaya leo ana uwezo wa kusema hapana. Pweza mbichi hana subira hiyo. Saa chache za jua zinatosha kumshusha thamani, kwa hiyo mama anayepanda kutoka mwambani saa saba mchana akikuta mnunuzi mmoja tu, bei ni ile anayoitaja mnunuzi. Sanduku la barafu lenye ujazo wa kutosha, au chumba cha ubaridi cha kijiji kinachotumia umeme wa gridi au wa jua, kingewapa siku mbili tatu za kutafuta mnunuzi mwingine, na mnunuzi mwingine si lazima awe wa Ulaya. Mwaka 2020, hoteli na migahawa ya huko ilipofungwa kwa ajili ya Uviko-19, pwani nzima ya Afrika Mashariki ilionja uchungu wa kutegemea mlango mmoja. Supu ya pweza inauzwa kila jioni katika mitaa ya Dar es Salaam, na pweza mkavu ana wateja wake wa siku zote hapa hapa Kusini. Soko la ndani bei yake ni ndogo kuliko ile ya Ulaya wakati Ulaya inanunua vizuri, lakini ni kubwa kuliko bei ya wakala anayejua kwamba hamna pa kwenda. Tena kumbukeni kwamba njia ya kwenda Dar nayo hukatika: Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, mzigo wa baharini ulikwama kama ulivyokwama kila kitu, na asiye na ubaridi ndiye aliyetupa.

Maombi ya namna hii yana msimu wake, na watu wengi huukosa kwa kutojua. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango ya vijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla, na inapofika Mei Wizara ya Mifugo na Uvuvi inaposoma bajeti yake bungeni, yaliyomo yamekwisha kuamuliwa. Hoja yenu inapaswa kupita mkutano mkuu wa kijiji na kuingia katika muhtasari kabla mwaka haujaisha, yaani Novemba au Desemba, kisha ipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata na halmashauri ikiwa na namba za daftari. BMU yenu, yaani kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi wa ufukweni, ambayo kazi yake kisheria ni kushirikiana na serikali katika kusimamia rasilimali za uvuvi, iandike barua ya kuunga mkono. Msiichanganye BMU na kikundi cha biashara: BMU inasimamia mwamba kwa niaba ya wote, kikundi kinauza kwa niaba ya wanachama wake, na hesabu za pande hizo mbili zikikaa katika mfuko mmoja ugomvi hautakawia.

Kuhusu misaada iliyopo tayari, nitaitaja kwa kifupi. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hauna riba. Ulisitishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii. Kwa mahitaji yenu ya mzani, masanduku ya barafu na fedha ya kununulia pweza kwa wanachama wakati wakala hajafika, huo ndio mkopo unaofaa kuliko mwingine wote ninaoufahamu. Nyavu na injini za boti zimesamehewa VAT katika sheria ya mwaka 2014, jambo linalowafaa zaidi wanaume wa vyombo kuliko ninyi. TASAF inasaidia kaya maskini, lakini inawatambua watu kwa umaskini wao na haiangalii hasara ya biashara. Mwanachama wenu anayestahili aingie kwa njia hiyo bila aibu yoyote. Mafunzo ya kuhifadhi na kuchakata mazao ya baharini yanatolewa na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ambayo ina kampasi Mikindani, na safari ya kutoka Kilwa hadi huko si ya kuwatisha watu wawili watakaorudi kuwafundisha wengine. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo inapokea wanachama waliojiajiri, na ingawa haitapandisha bei ya pweza, mama wa miaka arobaini na tano anayechokoa leo anapaswa kuifikiria miaka yake ya sitini.

Bandari ya uvuvi inayojengwa Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023 na ambayo gharama yake inapita shilingi bilioni 260, ni jambo kubwa kwa wilaya yenu. Imekusudiwa hasa meli za bahari kuu. Diwani wenu aulize mapema, na kwa maandishi, ni huduma gani za barafu na ubaridi zitakazokuwa wazi kwa wavuvi wadogo na kwa masharti gani, kwa sababu mambo ya namna hiyo huwa mepesi kupangwa wakati wa ujenzi na magumu kuombwa baadaye.

Umegusia kwamba mtu mmoja amewaambia Shirika la Biashara Duniani limekataza serikali kuwasaidia wavuvi. Si kweli. Mkataba wa ruzuku za uvuvi uliokubaliwa Geneva Juni 2022 na kuanza kutumika Septemba 15, 2025 unakataza ruzuku kwa uvuvi haramu, kwa uvuvi wa samaki waliokwisha kuzidiwa na uvunaji, na kwa uvuvi wa bahari kuu isiyosimamiwa na mtu. Nchi zinazoendelea zimepewa miaka miwili ya ahueni kwa uvuvi ulio ndani ya maji yao, msaada wa maafa unaruhusiwa, na ruzuku inayosaidia kurudisha samaki nayo inaruhusiwa. Hakuna kifungu kinachozuia halmashauri kumjengea mchokoaji pweza chumba cha ubaridi. Funzo lililomo kwa ajili yetu ni kwamba mwamba uliosimamiwa vizuri na ulio na kumbukumbu unazidi kuwa hoja ya kupata msaada, na kwa hilo vijiji vya Kilwa vilivyozoea kufunga miamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue vina cha kujivunia.

Sasa mkopo wa boti. Tangu Januari 2024, Rais alipozindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, maofisa wengi wamekuwa wakivihimiza vikundi kuomba, na kwa kikundi cha wavuvi wa mishipi au jarife wanaokwama kwa sababu chombo chao hakifiki mbali, ni nafasi nzuri. Kwa kikundi chenu nawashauri msiombe sasa. Tatizo mliloandika ni kwamba pweza mliyemvua hana mnunuzi wa bei ya haki. Boti haileti mnunuzi. Italeta mafuta, nahodha, matengenezo ya injini, na marejesho yanayoanza kudaiwa wakati mapato yenu yako chini kuliko yalivyowahi kuwa, na itawatoa katika uvuvi mnaoujua, wa miguu na kijiti, na kuwaingiza katika uvuvi ambao waume na kaka zenu ndio watakaouendesha. Mkopo usio na riba bado ni deni. Nimeona vikundi vya pwani vikipokea chombo kwa shangwe na kuvunjika kwa ajili yake, na mara nyingi wanawake ndio waliobaki wakikatwa. Aliyewapa ushauri huo huenda alikuwa na nia njema kabisa. Fungu lililokuwa mezani kwake lilikuwa la boti, akawapa alichokuwa nacho. Mrudieni na daftari, mwambieni shida yenu ni ubaridi na soko.

Nimalizie na tajiri wenu. Usidhani nitakwambia mumkatae moja kwa moja, maana watu wanaokaa mijini hupenda kuwalaani matajiri wa dikoni bila kuuliza ni nani mwingine anayemkopesha mama fedha ya daftari la mtoto Januari. Ametoa fedha wakati wakala amewakimbia, na hilo lina thamani. Lakini mwaka mzima ni muda mrefu mno kwa mazao ambayo bei yake hubadilika kila bamvua, na sharti la kumuuzia yeye peke yake bila bei iliyotajwa linamaanisha kwamba mtalipa deni lile kwa pweza wa bei atakayoipanga yeye. Mkikubali, iwe kwa maandishi na kwa jina la kikundi, asiingie mkataba na mwanachama mmoja mmoja. Fedha iliyotangulia itajwe kamili, pamoja na kiasi kitakachokatwa kwa kila kilo, ili mjue ni kilo ngapi zinalimaliza deni. Bei isiwe namba moja ya mwaka mzima, ila ifungwe na bei ya diko jirani siku hiyo, pungufu kwa kiasi mtakachokubaliana kama malipo ya fedha yake. Upimaji uwe kwa mzani wenu. Zikipita saa mbili tangu maji yarudi bila yeye kufika, muwe huru kumuuzia yeyote. Mkataba upelekwe kwa afisa ushirika wa wilaya ausome kabla hamjatia saini, na muda wake uwe miezi mitatu, ukiisha kabla ya siku ya kufungua mwamba wenu. Siku hiyo ndipo pweza wanapokuwa wakubwa na wanunuzi wa Kilwa Kivinje, Lindi na hata Dar huja wenyewe, na ni siku ambayo kikundi hakipaswi kuwa kimefungwa kwa mtu.